Je, Dagahaley Imewaka?

Garissa, Jumatatu, 6 Oktoba 1997

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu moja tu. Mdogo wangu Faiza husoma kila karatasi inayoingia nyumba hii, ila Kiswahili humchosha kabla hajafika mstari wa tatu. Faiza, kama umefika hapa, pole, hakuna habari za mchumba.

Wiki iliyopita nilianza kazi mpya katika shirika la misaada, na nikiieleza watu hucheka. Kila asubuhi naangalia kama kompyuta iliyoko Dagahaley, kule kwenye kambi za wakimbizi za Dadaab, imewaka. Basi. Hooyo, yaani mama, aliniuliza: "Umesoma miaka yote hiyo Nairobi ili uangalie kama kitu kimewaka? Ningekupa jiko langu uangalie, na chai ungekunywa."

Lakini hiyo kompyuta si jiko. Imekaa peke yake katika ofisi yetu ya Dagahaley, inatumia umeme wa sola, hatua chache kutoka zahanati ambako dada yetu mkubwa, Kaaha, ni muuguzi. Kila jioni Kaaha huenda kuandika humo dawa zilizobaki kabatini. Mimi hapa Garissa napiga simu ya setilaiti kwa modemu, na skrini ya kule inafunguka mezani kwangu kama vile nimeketi Dagahaley. Nikisogeza kipanya changu, mshale wa kule unatembea. Mara ya kwanza nilipoona nilipiga ukelele, na Madam Arbia, mkuu wetu wa ofisi, akatoka mbio kidogo akidhani ni nyoka.

Sheria ya wakubwa wa Nairobi ni hii: stoo ya Dagahaley, yaani hiyo orodha ya dawa, isipoonekana kwenye skrini, hakuna dawa inayopakiwa. Mwaka jana kuna mtu alipeleka lori zima la blanketi mahali ambapo watu walikuwa tayari wanafugia mbuzi juu ya blanketi. Tangu hapo hawaamini mdomo wa mtu.

Jumanne, 7 Oktoba

Imewaka.

Jumatano, 8 Oktoba

Imewaka. Joto la kukaanga yai.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua! Deyr, msimu wetu wa vuli, imefika, na imefika kwa nguvu. Watu wametoka nje sokoni wakasimama tu, wazee kwa watoto, nguo zikiwaganda mwilini. Madam Arbia alifungua dirisha akanyoosha mkono nje. Halafu akakumbuka yeye ni mkuu, akalifunga, akaniuliza kama Dagahaley imewaka. Imewaka.

Ijumaa, 24 Oktoba

Bado inanyesha. Hooyo bado anashukuru, ila sasa anashukuru akiwa anapanga mabeseni chini ya paa.

Jumatatu, 3 Novemba

Ametufikia mtu kutoka Nairobi, Injinia Mahat, na lori lililomleta nasikia ndilo la mwisho kuvuka kabla barabara haijameguka. Alikusudia kulala siku mbili, aende Dagahaley kubadilisha betri za sola, arudi kwao. Sasa yuko hapa, na Dagahaley hakufikiki.

Simpendi. Alishuka na viatu vyeupe. Vyeupe! Baba yake ni mtu wa Eldas, lakini yeye amezaliwa Eastleigh, na Kisomali chake ni cha kuombea chai tu. Akaangalia kompyuta yangu, akapangusa kiti kwa leso, akakalia.

"Sasa wewe unafungua skrini ya kule kila asubuhi?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Unaharibu dakika za setilaiti bure. Tuma ping peke yake. Ni kama kuiita jina. Ikijibu, iko poa. Skrini utafungua siku kuna mzigo wa kutuma."

Madam Arbia alisikia neno "bure" na akakubali kabla sijafungua mdomo. Kwa hiyo kuanzia leo naiita tu. Nikiita, mashine inarudisha jibu lake dogo, naandika ubaoni kwa chaki: imewaka.

Jumanne, 4 Novemba

Imewaka.

Alhamisi, 6 Novemba

Imewaka. Viatu vya Injinia sasa vina rangi ya ugoro. Nimefurahi, Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Novemba

Mto Tana umevunja kingo. Mashamba ya ng'ambo hayaonekani, ni vilele vya migomba tu vinavyotingisha vichwa. Mamba mmoja amekutwa karibu na kituo cha mafuta, na watu waliokwenda kumtazama walikuwa wengi kuliko waliokimbia. Barabara ya kwenda Dadaab imekuwa ziwa. Malori yamekwama katikati, na madereva wanaishi juu ya mizigo yao.

Hakuna gari, hakuna ndege ndogo, uwanja ni tope. Hakuna namna ya kupeleka dawa, ingawa zimejaa ghalani. Dagahaley inajibu.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo tumepata mawimbi mazuri kwenye redio ya ofisi. Adeer Salat, yaani ami Salat, mlinzi wetu wa Dagahaley, ndiye aliyekuwa upande wa pili. Ni mzee, na mzee hakatizwi salamu, hata kwenye redio, na salamu yetu ni nabad, amani.

"Idil, ni nabad?"

"Ni nabad, adeer. Nyinyi ni nabad?"

"Nabad. Hooyo ni nabad? Garissa ni nabad? Mto ni nabad?"

"Nabad, adeer. Kompyuta je?"

"Nabad kabisa. Taa yake ya kijani inawaka, namwona hapa."

Adeer Salat humwita kompyuta kama mtu, na huifunika shuka usiku ikinyesha. Injinia Mahat alicheka kwa kejeli, lakini nilimwona akiandika kitu. Tukakosa mawimbi kabla sijamuuliza habari za Kaaha.

Ijumaa, 21 Novemba

Imewaka.

Jumatatu, 24 Novemba

Imewaka. Inanyesha. Imewaka. Inanyesha. Maisha yangu yote ni haya.

Ijumaa, 28 Novemba

Upepo wa jana umeangusha mlingoti wa redio wa Dagahaley. Tumejua kwa sababu redio ya kambi nyingine ilisikia sauti ya mwisho ya Adeer Salat akilalamika juu ya upepo, kisha kimya. Sasa hatuna neno la Dagahaley isipokuwa lile jibu dogo la mashine asubuhi.

Hooyo anauliza kila siku nikirudi: "Kaaha je?"

Namwambia, "Mashine imejibu, Hooyo. Wako salama."

Anashika kifua, anasema alhamdulillahi, anarudi kwa mabeseni yake.

Alhamisi, 4 Desemba

Asubuhi haikujibu, mawingu. Mchana likatoka jua kidogo, ikajibu. Mahat anasema betri zimezeeka. Jua likikosekana mashine inazima, jua likirudi inajiwasha yenyewe. "Ni mashine nzuri," akasema, "haitaki kubembelezwa." Nilimjibu kwamba kwa hilo yeye na mashine hawafanani.

Hooyo alimwalika chakula cha mchana. Sikuombwa maoni. Alimwekea mlima wa wali na nyama ya mbuzi, akamwambia kwa Kiswahili chake: "Kula fizuri, mwanangu. Nairobi hakuna nyama?" Mahat alikula mpaka Faiza akanisukuma mguu pale mkekani.

Jumanne, 9 Desemba

Leo mambo yameharibika.

Alifika mfugaji aliyezunguka na ngamia wake kupitia nchi kavu, safari ya kuvunja miguu. Alisema Dagahaley mbu ni wengi kama vumbi la kiangazi, na watoto wanaungua homa, wengine wanalala wawili wawili kitandani. Saa hiyo hiyo, kama vile Mungu amepanga, Nairobi wakapiga simu: kuna helikopta moja itakayokaa Garissa wiki hii. Inaweza kwenda Dagahaley na dawa za malaria. Tuione tu stoo ya Dagahaley kwenye skrini, tuwasomee.

Niliketi kwa madaha. Nikapiga. Modemu ikalia kilio chake. Nikaita, mashine ikajibu. Nikafungua skrini.

Hakuna kitu. Dirisha la kijivu, na ujumbe kwamba upande wa pili hakuna wa kunipokea.

Nikarudia. Nikaita, ikajibu upesi, vizuri kabisa. Nikafungua skrini, hakuna. Mahat alinisukuma kwa kiwiko akaketi yeye. Ikawa vile vile. Kisha jua la huko likazama kwenye mawingu na hata jibu likapotea.

"Umegusa nini?" aliniuliza.

"Mimi? Si wewe uliyesema tusiifungue?"

"Mimi nilisema ikijibu iko sawa. Imejibu. Basi tatizo liko kwa mashine yako ya hapa."

"Mashine yangu ya hapa ilikuwa ikifungua skrini kila siku kabla ya viatu vyako kuingia Garissa!"

Madam Arbia aligonga meza kwa kiganja. "Nyinyi wawili nyamaseni! Watoto wanakufa, mnagombana kama wanawake wa kisima. Hii kombyuta ni hai ama ni maiti?"

Sikuweza hata kuandika ubaoni. Nilishika chaki nikaiweka chini.

Nyumbani Hooyo aliuliza, "Kaaha je?" Nilisema kichwa kinaniuma. Ilikuwa kweli.

Jumatano, 10 Desemba

Mvua kutwa. Haijibu.

Alhamisi, 11 Desemba

Mvua. Jua nusu saa hivi. Imejibu, skrini hakuna. Helikopta imepeleka unga kwingine. Rubani anasema Jumamosi ndiyo siku yake ya mwisho hapa. Madam Arbia ameomba Nairobi waturuhusu tutume dawa bila kuona stoo. Wamekataa. Kambi nyingi zinalia, wanasema, na helikopta ni moja, wataipeleka mahali ambapo stoo inaonekana kwa macho. Amefunga mlango wa chumba chake. Namwogopa huyu mama tangu siku ya kwanza, lakini leo nimesikia akilia humo ndani, na nimemwona mwingine kabisa.

Ijumaa, 12 Desemba

Baada ya swala ya Ijumaa alitufikia Abti, mjomba wetu, kutoka Buna. Sijui amepitia wapi, ndevu zake zilikuwa na tope. Hooyo alimpokea mlangoni na wakaanza.

"Ni nabad?"

"Nabad."

"Watu ni nabad?"

"Watu ni nabad."

"Watoto? Mifugo? Mvua ilikuwa ni nabad?"

"Mifugo ni nabad, mvua ni nabad, kila kitu ni nabad, dada."

Akakaa. Akaletewa maji, akanawa. Akaletewa chai ya maziwa yenye iliki, akanywa kikombe, akanywa cha pili. Hooyo hakumwuliza kitu. Ndipo akaweka kikombe chini, na Hooyo akasema kwa upole, "Haya, tupe habari."

Abti akasema, "Mbuzi wamekwisha. Wanatupa mimba, wanatoka damu puani, wanaanguka. Kondoo pia. Zizi lote linanuka. Nimekuja kwenu sina hata wa kuchinja."

Hooyo alilia, sote tulilia. Na katikati ya kulia huko, Mungu anisamehe tena, kitu kilinigonga kichwani nikasimama wima. Abti alifikiri nimechukizwa naye. Nilimwomba radhi, nikambusu mkono.

Mtu aliyepoteza zizi zima alisimama mlangoni akasema nabad. Hakusema uongo. Ndivyo tunavyosalimiana, hakuna mtu mwenye adabu anayemtupia mwenzake msiba mlangoni. Nabad ni ya mlangoni. Habari ni ya ndani, na lazima iulizwe. Mimi najua hayo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Na wiki zote hizi nimesimama mlangoni pa Dagahaley nikiita, naambiwa nabad, na narudi zangu kuandika ubaoni kwamba wako salama. Nimemwambia hivyo hata Hooyo.

Nimejichukia mpaka jioni. Kesho nakwenda kazini mapema.

Jumamosi, 13 Desemba

Faiza yuko hapa mlangoni anataka kujua naandika nini. Nitaandika yote.

Nilimkuta Mahat ofisini kabla yangu, amelalia meza, miguu mitupu. Nilikuwa nimejiandaa kumpigia kelele, lakini macho yake yalikuwa mekundu. Nilimweleza habari ya Abti. Nikamwambia, "Sisi tunaisalimia tu ile mashine. Hatujawahi kuiuliza habari."

Alinitazama kama niliyemwita kwa jina lake la utotoni. "Ping inajibiwa na mashine," akasema polepole. "Haijibiwi na programu ya skrini. Mashine inaweza kuwa imeamka na programu imelala ndani." Akapiga paji la uso. "Betri zinaisha, mashine inazima. Jua likirudi inaamka, inajibu. Lakini ile programu haikuambiwa iamke nayo. Inangoja mtu aiamshe."

"Nani aliiweka hivyo?"

"Mimi," akasema. Nilicheka, naye akacheka, na hapo ndipo tulipoanza kufanya kazi kama watu.

Kuna amri, alisema, ilikuwa katika CD zake. Unaipa jina la mashine ya mbali na jina la programu, inakwenda kuuliza hiyo programu peke yake: wewe unafanya kazi, au umesimama? Na kama imesimama unaweza kuiamuru iamke, ukiwa huku huku. Alikuwa nayo siku zote mfukoni. Hakuwahi kufikiri ataihitaji, kwa sababu Nairobi mtu huinuka akaenda chumba cha pili akatazama.

Basi tukawa na amri, tukakosa jua. Mbingu ya upande wa Dadaab ilikuwa nyeusi. Rubani alikuwa nje, helikopta imeshajazwa mafuta, na akisema adhuhuri ikipita anaondoka na unga kwenda kwingine, kisha Nairobi. Madam Arbia alimketisha kwenye kivuli akamletea chai, mahamri, chai tena. Kila mara alipopita dirishani alitufokea kwa sauti ya chini: "Rubani anakunywa, lakini chai si bahari! Mko wabi?"

Tukapiga. Haijibu. Tukapiga. Haijibu. Faiza alileta chakula na akabaki, amesimama mlangoni akitazama mawingu, na alikuwa wa kwanza kupiga kelele: "Kule kumepasuka!"

Kweli, mstari wa mwanga ulikuwa umetokea upande wa mashariki. Tukangoja paneli zishibe kidogo. Nilisoma aya zote ninazozijua. Mahat akasema, "Piga."

Modemu ikalia. Nikaita. Ikajibu.

"Salamu tumepokea," Mahat akasema. "Sasa uliza habari."

Nikaandika ile amri, jina la mashine, jina la programu. Jibu lilichukua muda wa kunyoa kichwa. Kisha likaja: imesimama. Mwishowe jibu la kweli! Sijawahi kufurahia habari mbaya namna ile. Nikaiamuru iamke. Laini ikakatika.

Mahat alisema neno la Nairobi ambalo sitaliandika. Tukapiga tena. Ikajibu. Nikaamuru. Tukangoja, vidole vyangu vimeshika ukingo wa meza. Nikauliza tena: wewe unafanya kazi, au umesimama?

Inafanya kazi.

Nilifungua skrini. Ilikuja kipande kwa kipande kutoka juu, kama mtu anayeteremsha pazia: rangi ile ya bluu, vile vipicha, na mwisho stoo ya zahanati. Kaaha alikuwa ameandika kila jioni. Kila jioni! Siku mashine ilipozima alijazia umeme uliporudi, hakukosa hata moja, hakujua kwamba hakuna macho upande wa pili. Dawa za malaria zilipungua siku kwa siku mpaka zikafika sufuri, na kwenye nafasi ya maelezo ya siku ile aliandika: "Zimeisha." Siku iliyofuata: "Zimeisha." Niliona haya mpaka masikio yakachemka.

Ili Nairobi wasilete maneno nilitaka ushahidi wa leo, si wa jana jioni. Nikaanza kuzungusha mshale wa kule kwa kipanya, huku na huku kama kichaa, nikafungua ukurasa mtupu nikaandika KAAHA kwa herufi kubwa. Kumbe Adeer Salat alikuwa ameketi mbele ya mashine akikausha shuka yake. Akaona mshale unatembea wenyewe. Kaaha amenihadithia baadaye kwenye skrini: mzee alisoma audhubillahi, akaruka kiti, akapita maji ya magotini mpaka zahanati akipiga kelele kwamba yule kompyuta amepandisha jini, na jini lenyewe linamtaka Kaaha.

Sisi hatukujua. Tuliona tu skrini haina jipya. Mahat akachungulia jua. Madam Arbia akaingia, akasimama nyuma yangu.

Kisha chini ya jina, herufi moja moja, bila mimi kugusa kitu: "Idil? Ni nabad? Hooyo ni nabad? Faiza?"

Faiza akaanza kulia. Mimi nikaandika: "Kaaha, leo sitaki nabad. Nipe habari."

Ikatulia. Niliogopa laini imekatika. Kisha: "Watoto wamejaa hadi barazani. Tumezika wawili. Dawa hakuna, nawapoza kwa maji. Naandika kila siku. Mlikuwa wapi?"

Madam Arbia, mama wa makamo ambaye hata akitembea ni kama ameketi, alitoka mbio. Mbio za kweli, buibui limepepea, kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Tulimsikia akiwasomea Nairobi kwenye simu kila tarakimu, kwa sauti ya kuamsha mji: "Naona kwa macho! Kwa macho yangu! Leo, saa hii! Sema ndiyo!" Halafu tukamsikia akimwambia rubani aache chai.

Niliandika: "Helikopta inakuja. Wapangeni watu uwanja wa shule, mbuzi waondolewe. Inakuja na dawa zote."

Kaaha akaandika, "Kweli?"

Dirisha lilianza kutetemeka kwa mngurumo. Nikaandika, "Inaruka sasa hivi." Mahat alikuwa juu ya kiti anapiga makofi, miguu mitupu. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sisi wenyewe Garissa tulitoka nje kuitazama inavyoinama na kugeukia mashariki, na watu wa sokoni wakashangilia bila kujua wanashangilia nini.

Niliporudi ndani skrini ilikuwa bado wazi. Mahat aliweka kitu cha mwisho: kuanzia leo mashine ikiamka, programu inaamka nayo.

Jumapili, 14 Desemba

Helikopta ilitua jana, dawa zimefika. Hooyo amepika kwa ajili ya mtaa mzima. Anawaambia majirani kwamba binti yake ndiye anayewasha Dagahaley.

Alhamisi, 18 Desemba

Rubani amebakizwa kwa amri ya Nairobi. Leo Mahat amekwenda naye na betri mpya. Alivaa ndara za Abti. Kabla ya kupanda alimsalimia Madam Arbia kwa Kisomali, salamu ndefu yote, watu, watoto, mifugo, mvua, akakosea mara nyingi na hakuacha. Mimi niliyemcheka nilikuwa nikimsahihisha kwa kunong'ona. Ni mtu mzuri. Nimechelewa kuliona hilo, na naliandika hapa ambapo Faiza hafiki.

Jumatatu, 22 Desemba

Wakubwa wa Nairobi wamepiga simu wenyewe. Wanataka mashine kama hii Eldas na Buna, na wanataka mimi nikaziweke na niziangalie. Madam Arbia alisema mshahara uongezwe kwanza, ndipo akanipa simu.

Nafungua skrini kila asubuhi sasa, dakika za setilaiti ziende zinakokwenda. Namwuliza Kaaha habari, ananipa. Wagonjwa kumi na wanane. Kumi na mmoja.

Jumamosi, 27 Desemba

Imewaka, na inafanya kazi. Wamebaki watatu.

Jumatatu, 29 Desemba

Jua kali, barabara ya Dadaab inaanza kuonyesha mgongo. Nimepiga, nimeita, nimeuliza programu, nimefungua skrini. Kaaha hakuwapo. Alikuwa ameniachia maneno katikati ya ukurasa:

"Idil, leo asubuhi mtoto wa mwisho ametoka kwa miguu yake. Wodi haina mtu. Nimefua mashuka yote, nimetandika vitanda vyote, sasa nakwenda kulala kimoja."

Nilimwita Madam Arbia aje asome. Alisoma mara mbili, akafuta miwani, akasema leo tufunge ofisi mapema. Sikuandika jibu. Nilimwacha dada yangu alale.